Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuwasaidia wanawake wakimbizi wapate kipato kwa cherehani na uzi

Haya ni maswali tunayoulizwa na watu wanaotaka kuanzisha kikundi cha ushonaji au ufumaji kwa ajili ya wanawake wakimbizi. Mengine tumeulizwa mara nyingi mno, mengine tulitamani mtu angetuuliza kabla hajanunua kitu. Majibu hayalingani urefu kwa sababu matatizo yenyewe hayalingani uzito.

Tumepewa vyerehani kumi vya msaada. Tuanzie wapi?

Msifungue maboksi kwanza. Tafuteni mnunuzi.

Miradi iliyokufa inafanana sana: vyerehani vimefunikwa shuka kwenye kona, ukutani kuna picha ya mahafali, na wanawake ishirini wana vyeti vya kushona lakini hakuna hata mmoja anayeshona. Waliofundisha walifundisha vizuri. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetoka nje kuuliza nani atanunua nini, kwa bei gani, na mara ngapi kwa mwaka.

Tengeni wiki mbili za kuulizia tu. Shule hununua sare msimu gani, na nani huzishona sasa? Kuna nyumba za wageni zinazohitaji mapazia na mashuka? Taulo za kike za kufua zinapatikana? Nani anarekebisha nguo za mitumba? Hilo la mwisho watu hulidharau, nasi huwa tunalipigia debe. Kupunguza suruali, kubadili zipu, kubana gauni pembeni: hakuhitaji mtaji wa kitambaa, hakuachi mzigo usiouzika, na mteja analipa siku hiyo hiyo. Kikundi kinachoanza na marekebisho kinakuwa na fedha mkononi wakati kingine bado kinasubiri maonyesho ya mwisho wa mwaka.

Je, sheria inamruhusu mkimbizi kufanya biashara?

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unagusa jambo hili moja kwa moja. Kifungu cha 17 kinahusu kazi ya kuajiriwa, na cha 18 kinahusu kujiajiri, zikiwemo kazi za mikono na biashara. Lakini nchi kadhaa zilitia saini kwa masharti, nyingine zinadai kibali, na nyingine zinambana mkimbizi asitoke eneo alilopangiwa. Pia kuna tofauti kati ya aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi na anayesubiri uamuzi wa maombi yake ya hifadhi.

Ulizeni ofisi inayohusika, na jibu mlipate kwa maandishi. Kuna mahali ambapo mama mmoja mmoja hawezi kupata leseni, lakini ushirika uliosajiliwa wenye wanachama wenyeji na wakimbizi unaweza. Msiseme "tutaanza tu, mambo yatajipa." Siku ya ukaguzi atakayechukuliwa ni yule mama.

Kipi bora, kushona au kufuma?

Inategemea mikono mliyonayo, nafasi mliyonayo, na kama wanawake hao wanaweza kuhamishwa wakati wowote.

Uzi una sifa moja ambayo cherehani hakina: unatembea. Mama anafuma foleni ya zahanati, anafuma mtoto akiwa amelala mapajani, na akihamishwa leo usiku kazi yake inaingia kwenye mfuko wa plastiki. Vifaa vya kuanzia ni mpira mmoja wa uzi, kroshia moja (sindano yenye ndoano) na mkasi. Hakuna umeme, hakuna kodi ya chumba. Ubaya wake ni muda. Kofia ya mtu mzima inaweza kumchukua fundi wa kawaida saa tatu au nne, na mnunuzi anaiona kofia ya dukani iliyofumwa na mashine kwa dakika chache.

Hapo kuna siri ndogo inayofaa kujulikana. Kufuma kwa sindano mbili kuna mashine zake viwandani, na ndiyo maana sweta linauzwa rahisi. Ufumaji wa kroshia hadi leo hauna mashine ya kiwandani inayouiga sawasawa, kwa hiyo ukiona kazi ya kroshia inauzwa bei ya kutupa, kuna mwanamke mahali fulani aliyelipwa kidogo sana. Kwa kikundi kinachoanza, kroshia inashindana na mikono ya binadamu wenzake, sindano mbili zinashindana na kiwanda. Sisi tungechagua kroshia.

Cherehani nacho kinatoa mali haraka. Fundi aliyezoea anamaliza mifuko kadhaa ya kununulia bidhaa kwa siku moja. Lakini kinataka meza imara, mwanga, pasi, kitambaa cha mtaji na mlango unaofungwa kwa kufuli.

Vikundi vingi vinavyodumu huishia kufanya vyote: cherehani kwa oda za hapa hapa, uzi kwa mikono iliyobaki nyumbani.

Tununue cherehani cha aina gani?

Umeme ukikatika mara kwa mara, nunueni vya kukanyaga kwa miguu. Ni vizito na vina sura ya kizamani, lakini fundi yeyote wa mtaani anajua kuvitengeneza, na mkanda ukikatika unabadilishwa kwa muda mfupi. Vile vidogo vya plastiki vya nyumbani vinavyotolewa sana kama msaada havikuumbwa kushona jinzi saa nane kwa siku. Vinakufa, na spea zake hazipatikani.

Kama mnakusudia kushona fulana au kitambaa chochote kinachovutika, mtahitaji ovaloki walau moja, yaani cherehani kinachokata na kufunga kingo za kitambaa kwa pamoja. Mshono wa kawaida ulionyooka hauvutiki pamoja na kitambaa, kwa hiyo uzi utakatika nguo ikivaliwa.

Tengeni fedha za vitu vidogo, maana ndivyo vinavyosimamisha kazi: sindano, bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), mafuta, taa. Sindano namba 80/12 inafaa kitambaa chepesi cha pamba, 90/14 kizito kidogo, 100/16 jinzi na turubai. (Hiyo 80 maana yake unene wa milimita 0.8, mwanafunzi akiambiwa hivyo hasahau.) Kwa kitambaa cha jezi kinachovutika kuna sindano yenye ncha ya mviringo, inayopita kati ya nyuzi badala ya kuzikata. Mishono ikianza kurukaruka, kabla hamjamwita fundi badilisheni sindano, pitisheni uzi upya kuanzia juu, kisha fungueni kile kibati chini ya mguu wa cherehani unaobana kitambaa, msafishe vumbi la nyuzi. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Na uzi?

Akriliki (uzi usio wa asili) ni rahisi, haunyonyi jasho sana na unafulika, lakini pasi ya moto inauyeyusha. Pamba inafaa vitambaa vya jikoni, vikapu na nguo za mtoto. Sufu ni ya joto na ya bei, na ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa inajikunja na kuwa kama zulia. Tumeona sweta la mtu mzima likitoka kwenye beseni linamtosha mtoto wa miaka minne. Tulicheka siku hiyo, aliyelifuma hakucheka.

Kwenye lebo ya mpira wa uzi kuna namba ya rangi na namba ya bechi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja. Rangi ikiwa moja na bechi zikiwa mbili, shali litaonyesha mstari katikati ambao hamkuuona usiku mkiwa mnafuma kwa taa. Nunueni uzi wa oda nzima kwa mkupuo.

Uzi wa msaada pokeeni, lakini kwa mafunzo. Mabaki ya rangi kumi na saba hayawezi kutimiza oda ya kofia arobaini zinazofanana.

Mafunzo yachukue muda gani?

Kwanza ulizeni nani tayari anajua. Katika karibu kila kundi kuna mama aliyekuwa na duka lake la ushonaji kabla ya vita, na anakaa kimya kwenye kiti cha nyuma akifundishwa jinsi ya kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mwekeni mbele. Mlipeni kama mwalimu.

Kwa asiyejua kabisa, hesabuni miezi, na anzeni na kitu kimoja kinachouzika: mfuko mmoja, ukubwa mmoja, mpaka mkono uuzoee. Mtaala wenye sketi, blauzi, koti na gauni la harusi ndani ya wiki sita unazaa mtu aliyegusa kila kitu na asiyeweza kuuza hata kimoja.

Lugha isiwatishe. Kushona kunafundishwa kwa macho. Kata pateni (kielelezo cha kukatia kitambaa) kwenye kadibodi ngumu, weka vidokezo vya mkasi pale vipande vinapokutana, andika namba badala ya maneno. Asiyejua kusoma futi kamba tumemfungia uzi mwekundu kwenye sentimita 40 na wa buluu kwenye 60, akakata vipande hamsini bila kosa. Kwa ufumaji, mfundishe kwanza kufuma kipande cha sampuli cha sentimita 10 kwa 10 na kuhesabu macho (vitanzi vya uzi) yaliyomo. Mikono mitano hufuma saizi tano tofauti, na kile kipande ndicho kinachokuambia nani abadilishe kroshia awe sawa na wenzake.

Bei tunapangaje?

Hapa ndipo wanawake wanaumizwa zaidi, na mara nyingi wanaowaumiza ni watu wenye nia njema.

Tuchukue kofia ile ile, tuhesabu kwa fedha yoyote mnayotumia. Tuseme saa moja ya kazi ni 6, kiwango ambacho mwanamke angelipwa kwa kibarua halali mahali mlipo. Kofia imechukua saa 4: hiyo ni 24. Mpira wa gramu 100 ni 5, kofia imekula gramu 80, kwa hiyo uzi ni 4. Lebo, mfuko na nauli ni 2. Jumla 30. Ongezeni asilimia 15 kwa ajili ya kikundi, yaani kodi, sindano zilizovunjika na kofia iliyoharibika, ambayo ni 4.5. Kofia inatoka mlangoni kwa 34.5. Duka la rejareja mara nyingi huuza kwa mara mbili ya lilivyonunua, kwa hiyo mteja wa mwisho ataiona kwa 69.

Sasa mkienda sokoni mkakuta kofia zinauzwa 20, kuna njia mbili. Ya kwanza, inayochukuliwa na wengi, ni kupunguza ile 24 ya mama mpaka hesabu ikae. Ya pili ni kuachana na kofia. Mkanda wa kichwa unaofumwa kwa saa moja una 6 ya kazi, 1 ya uzi, 1 ya lebo, na 1.2 ya kikundi: unatoka kwa 9.2, na huo una soko.

Muda wa kazi pimeni kwa saa, msiulize. Chagueni watu watatu, mwepesi, wa kati na mzito, kila mmoja atengeneze vipande vitano, kisha mtumie muda wa yule wa kati. Ukimuuliza fundi ametumia saa ngapi atakutajia chache, kwa sababu hahesabu kukata, kupiga pasi, kukata nyuzi na kufumua alipokosea.

Tulipe kwa kipande au kwa saa?

Wakati wa mafunzo kwa saa, au posho ya siku. Baadaye kwa kipande, ilimradi bei ya kipande imetokana na muda uliopimwa. Lipeni siku kazi inapopokelewa. Kumwambia mama asubiri mpaka kitu kiuzwe ni kumkopa mtu asiye na akiba, na ataacha kazi akafue nguo za watu, maana kule analipwa jioni.

Fedha apokee mwenyewe. Katika nchi nyingi laini ya simu inasajiliwa kwa kitambulisho ambacho mkimbizi hana, kwa hiyo malipo hupitia laini ya mume, shemeji au jirani, na njiani hupungua. Muulizeni kila mmoja faraghani angependa alipwe vipi. Wapo wanaotaka nusu taslimu na nusu ibaki kwenye akiba ya kikundi, wakiwa na sababu zao ambazo si lazima mzijue.

Kuhusu akiba, utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 unafaa sana hapa: wanachama wachache wanaojuana, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na mgao mwisho wa mzunguko. Hauhitaji benki.

Watu si watanunua kwa kuwahurumia?

Mara moja, ndiyo. Mkoba ulionunuliwa kwa huruma unaishia kabatini, na mwenye kabati harudi kununua wa pili.

Wamong (Hmong), jamii ya watu waliokimbia Laos baada ya 1975, wanafaa kuangaliwa hapa. Katika kambi za Thailand, wanawake waliozoea kudarizi mapambo ya nguo zao walianza kudarizi vitambaa vya hadithi: vijiji, ndege za vita, watu wakivuka mto Mekong. Watu wa nje wakavipenda. Walipoona wanunuzi wa Marekani wanapenda rangi tulivu, wakatengeneza pia vya buluu na kahawia. Hadithi ilikuwa yao na mikono ilikuwa yao, na macho yao yalikuwa kwa mteja.

Picha za wanawake wenyewe ni jambo jingine. Mtu aliyekimbia anaweza kuwa anatafutwa. Usiweke uso, jina wala mahali anapoishi bila ridhaa yake, na ridhaa aliyoitoa mbele ya mtu anayemlipa mshahara ichukulie kwa tahadhari. Picha ya mikono ikifanya kazi inatosha, na inauza vizuri zaidi kuliko uso wenye majonzi.

Tunahakikishaje ubora?

Tuliwahi kurudishiwa mifuko sitini. Kitambaa kizuri, rangi nzuri, ila mikanda ilichomoka mteja alipotia vitu ndani. Mshono ulianza na kuishia bila kurudishwa nyuma, kwa hiyo ulijifungua wenyewe. Kosa lilikuwa letu: sampuli tuliyowapa ilikuwa na mkanda ulioshonwa mstari mmoja, nao wakaiiga kama walivyoiona.

Siku hizi kila mkanda unashonwa mraba na alama ya X katikati, na kabla ya kupokelewa mfuko unatiwa kilo tano na kuning'inizwa kwenye msumari usiku kucha. Kitambaa cha pamba kinafuliwa kabla ya kukatwa ili kisije kikasinyaa kwa mteja. Anayekagua ni mshonaji mwenzao wa zamu, na kasoro inaelezwa mbele ya cherehani, kitu kikiwa mkononi. Asiyefaulu anarekebisha; hakatwi fedha wiki ile ile aliyojifunza.

Tunaweza kufuma wanasesere wa watoto?

Mnaweza, lakini jihadharini na vifungo na macho ya plastiki kwa watoto chini ya miaka mitatu. Dariza macho kwa uzi. Umoja wa Ulaya na Marekani zina sheria za usalama wa vitu vya kuchezea zinazodai vipimo, na kazi ya mikono haisamehewi. Kama soko lenu ni huko, anzeni na mikoba.

Watoto wakae wapi mama zao wakishona?

Ndani ya jengo hilo hilo, chumba cha pili, na mtu anayelipwa kuwaangalia. Hili liingie kwenye bajeti kabla ya ovaloki. Pasi za moto na mikasi havikai chumba kimoja na mtoto anayetambaa.

Wengi wamepitia mambo mazito. Ufumaji unawatibu?

Wengi wanasema kuhesabu macho kunatuliza, na kukaa na wenzako ukiwa na kazi mkononi kunarahisisha kuongea, au kutoongea. Hiyo si tiba. Mjue mtaalamu wa karibu mnayeweza kumwelekeza mtu, na mwalimu wa cherehani asianze kuuliza watu waliona nini vitani.

Mafundi wenyeji hawatalalamika?

Watalalamika, na wana haki. Kikundi chenye vyerehani vya bure na kodi inayolipwa na mfadhili kinaweza kumuua fundi wa mtaani kwa bei. Msishushe bei chini ya yake. Waingizeni wanawake wenyeji kwenye kikundi tangu siku ya kwanza, na oda zikizidi mgawieni fundi huyo. Naye ndiye atakayewatengenezea vyerehani vikiharibika.

Tunaweza kuuza nje ya nchi?

Mkishamudu soko la karibu. Kuna mpango wa MADE51, ulioanzishwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, unaounganisha mafundi wakimbizi na biashara za kijamii zinazosimamia usanifu, ubora na usafirishaji. Hiyo 51 inatokana na ule mkataba wa 1951. Njia ya namna hii, kupitia biashara iliyopo, ni nafuu kuliko kufungua duka la mtandaoni wenyewe, ambalo linataka akaunti ya benki, mtu wa kujibu ujumbe kila siku na uvumilivu wa ushuru wa forodha.

Kama mtauza wenyewe, pimeni uzito kwanza. Mto wa kochi unajaza boksi zima. Gamba lake la nje, bila pamba ndani, linaingia kwenye bahasha.

Mwanamke tuliyemfundisha akihamishiwa nchi nyingine, si tumepata hasara?

Mmepoteza fundi, na kweli inauma, hasa akiwa ndiye aliyekuwa akikata pateni zote. Ndiyo maana kila kazi ijulikane na watu wawili. Ila yeye aondoke na vitu vyake: mkasi, kroshia zake, pateni za kadibodi alizozichora mwenyewe, na barua yenye muhuri inayotaja ameshona nini, vipande vingapi, kwa muda gani, na picha za kazi hizo. Mlipeni akiba yake yote kabla ya siku ya safari, maana notisi huja kwa ghafla na sanduku lina kufuli tatu.